Udongo Usiochomwa

Pakiti ina kilo moja, nyeupe kama tui lililoganda.
Nimeinunua Hanley kwa bei ya sahani mbili za chipsi,
na maandishi yake yanaapa: hauhitaji moto.
Nikacheka peke yangu ndani ya basi.
Mji huu wa Stoke ulilelewa na moto.
Hadi leo matanuru yake ya matofali
yamesimama katikati ya nyumba
kama chupa zilizosahauliwa mezani
wageni walipoondoka.

Jumamosi sina zamu.
Nimetandika mfuko wa nailoni,
bakuli la maji, uma, kisu butu,
na msukumio wangu wa chapati.
Nisamehe, msukumio, leo unga ni mwingine.

Kwanza nilitaka mtungi.
Ndivyo alivyo anayeanza: mkono haujui kitu,
jicho limeshafika kwenye maonyesho.
Nikaviringisha nyuzi, nikazipanda
duru juu ya duru,
hadi shingo ikalegea, ikainama,
ikajilalia begani kama abiria wa alfajiri.
Nikaufinya wote, ukawa bonge tena.
Udongo hauweki kinyongo
ungali maji.

Bi Doreen wa mlango wa pili akaingia na biskuti.
Miaka thelathini na mmoja alichora mawaridi
kwenye vikombe vya watu asiowajua,
kiwanda kikafungwa Ijumaa moja, bila hata keki.
Akabonyeza bonge langu, akanusa kidole.
"Huu hauendi tanuruni?"
Hauendi.
"Basi huu si udongo, bata wangu. Ni subira tu."
(Bata ndiyo mpenzi, huku. Mwaka wa kwanza nilikasirika.)

Akanionyesha: vipande viwili
havishikani kwa kutazamana.
Kwaruza huku kwa uma, kwaruza na kule,
paka uji wa udongo, ndipo ukandamize.
Nikamkumbuka mtu fulani, nikanyamaza.
"Na anza na kidogo," akasema. "Kisahani. Cha funguo."

Nikasukuma, unene wa kidole cha mwisho.
Nikakata duara kwa mdomo wa bakuli,
nikalilaza humo humo lishike mkunjo,
nikapitisha kidole chenye maji ukingoni,
maji haba, kwani ukiunywesha leo
utakudai kesho.

Pakiti inasema siku moja, utakauka.
Siku moja ya wapi?
Hapa mvua hainyeshi, inakaa.
Siku ya kwanza, baridi kama pua ya mbwa.
Siku ya pili subira ikanishinda,
nikakiweka juu ya hita.
Asubuhi, ufa,
mwembamba, toka ukingoni hadi kitovuni.
Wanaotuonya juu ya ufa na ukuta
hawakusema kuna ufa unaozibwa
saa kumi na moja alfajiri, koti limeshavaliwa,
kwa uji kidogo na gumba.

Februari, kwenye ofisi ya vibali,
mashine ilivikataa vidole vyangu.
Dawa ya sakafu za wodi
imelamba mistari yote.
"Jaribu tena," alisema kijana, kwa upole.
Nikajaribu.
"Tena."
Kama kwamba mikono nimeiazima.

Na hapa, juu ya ufa uliozibwa,
gumba langu limekaa lote:
mkondo kwa mkondo, na lile kovu
la mkebe wa maziwa nilipokuwa na miaka tisa.
Halikuulizwa kitu.

Kilipokauka nilikipiga msasa kote,
isipokuwa hapo.
Nikakipaka bluu, na vanishi mara mbili.
Hakitiwi maji, hakiliwi chakula.
Kinashika funguo mbili, sarafu za basi,
na herini ninazovua kabla ya zamu.

Bi Doreen anakitaka.
Nimemwambia bado kibichi.
Kimekauka tangu Jumanne.