Vyumba Vinne

Kwanza tulikwenda Kapripointi,
kwa miguu, na viatu vya kanisani.
Kijana wa mapokezi akatuonyesha chumba,
taulo zimekunjwa mfano wa bata
na ziwa limejaa dirishani kona hadi kona.
Lugembe akauliza bei. Akameza mate.
Kisha, kwa sauti yake ile ya mashineni:
"Na usiku kuna nini?"
Kijana akachangamka. "Usiku kuna bendi, mzee!"
Tukashukuru. Tukashuka kilima.

Miaka ishirini na miwili tunakoboa mpunga Kishiri,
yeye kwenye injini, mimi kwenye mizani na daftari la madeni,
kati yetu mkanda unazunguka, na pumba.
Mimba ya kwanza nilimwambia kwa kidole:
nilionyesha tumbo, akadhani nina njaa,
akanitumia chapati.
Hata nyumbani, mashine imelala,
tunaitana kama watu wa ng'ambo mbili za mto.
Nikisema "Chumvi!" mezani
jirani wa nyumba ya tatu huja na kikopo.

Bwiru tulikuta harusi.
Luchelele kuzuri, mchanga umefagiwa,
lakini jenereta liko nyuma ya ukuta wa kitanda.
Lugembe akaweka kiganja ukutani kama daktari.
"Silinda moja," akasema. "Nozeli imechoka."
Nikaona mkono unatafuta spana mfukoni,
nikamtoa nje kabla hajaanza kazi.
Igombe dagaa wameanikwa mpaka mlangoni.
Nilivuta pumzi moja tu nikawa kwa mama yangu,
na kwa mama hakuna mapumziko, kuna kuchota maji.

Binti yetu akapiga simu: nendeni Unguja,
baharini, kama watu.
Nikamwambia, mwanangu,
maji nisiyoweza kuyanywa
nitayatazama siku tatu kwa faida gani?

Basi tukapanda meli ya Nansio,
na kutoka Nansio pikipiki mbili,
mimi mbele, begi katikati ya magoti ya dereva.
Bi Restituta ana vyumba vinne na hana redio.
Ilikufa wiki moja na marehemu, akasema,
hakuona haja ya kumfufua mmoja peke yake.
Hana menyu. Kuna sato, au kuna sato kesho.
Chini ya mawe maji yanalamba, yanaacha,
yanalamba, kama ndama.
Lugembe alisimama pale muda mrefu
akiinamisha sikio, akitafuta hitilafu.

Usiku ule hakukuwa na mwezi.
Karabai za wavuvi zilikuwa mbali mno
hata injini zao hazikutufikia.
Pimbi mmoja akalia juu ya jabali, akakoma.
Nikasikia saa yangu ya mkononi.
Sikujua kwamba inapiga kelele.

"NYAMIZI, UMELALA?"

Nyange wote wakaruka kutoka kwenye mti wao.
Mbwa akabweka upande wa pili wa kisiwa.
Bi Restituta akawasha taa, akaita, kuna nini huko,
nikajibu hakuna, Bi, ni mume wangu ananong'ona,
na kicheko kikanibana hadi shuka nikaiuma meno.
Naye akacheka. Kitanda kikacheka.
Halafu kimya kikarudi, taratibu,
ndege mmoja mmoja.

Akajaribu tena.
Safari hii aliishusha sauti chini sana,
chini ya mahali nilipowahi kuifuata.
Masikio yangu, yaliyoliwa na mashine,
yaliokota upepo tu wenye joto.
Ikabidi nisogee.
Nikaweka sikio mdomoni pake,
ndevu zikanichoma,
harufu ya dizeli bado imo, hata huku,
kwenye ngozi nyuma ya shingo.

Alikuwa ananiuliza kama nilifunga stoo.

Nilisikia vizuri kabisa.
Nikamwambia, sijasikia. Rudia.