Kigezo cha Hamsini

Mwezi wa tatu. Theluji inaoza mashambani,
na samadi iliyomwagwa tangu vuli
inatafuta njia ya kwenda chini.
Nimekuja na sanduku langu la bluu
nyumbani kwa Steponija, nje ya Pasvalys,
kwa kuwa mjukuu wake Jogilė
ana mtoto wa siku tisa
na maziwa ya mtoto ni ya unga.

Fotomita imelala garini usiku kucha.
Ukiifungua kwenye joto la jiko inatoka jasho,
vichupa vinapata ukungu,
na ukungu nao huhesabiwa.
Kwa hiyo tunangoja.
Steponija ananimiminia chai.
Siulizi ni ya maji gani.

"Kisima alikichimba Feliksas," anasema,
"kwa sepetu, pete kumi na moja za zege,
mwaka tuliooana.
Nimeyanywa miaka sitini na moja.
Nitazame."
Namtazama. Mashavu mekundu, meno yake mwenyewe.

Napima. Arobaini na nane.
Mpaka wa sheria ni hamsini.
Anapiga meza kwa kiganja: "Si nilikwambia!"
Na Jogilė, mlangoni, mtoto begani,
anaishusha pumzi aliyoibana tangu nilipobisha.

Ningeweza kufunga sanduku hapo.
Lakini nambari ile ilitoka kwenye kumbukumbu ya kiwanda,
na mimi kiwanda sijakiona.
Jicho haliujui upofu wake;
lazima ulionyeshe kitu
ambacho wewe tayari unakijua.

Basi naanza upya, mbele yao.
Kwanza sufuri: maji yaliyopanda na mvuke
yakarudi bila mzigo wowote.
Nafuta kioo, juu hadi chini,
alama nyeupe inatazama mbele, daima upande uleule,
nafunika, mwanga wa dirisha usidokoe,
naiambia mashine: hapa hapana kitu.
Inakubali.

Kisha kigezo. Hamsini kamili,
chupa ya lakiri, tarehe yake haijapita.
Unga wa kitendanishi. Kutikisa dakika moja, kungoja tano.
Rangi ya kaharabu inapanda polepole
kama
"Kama chai yangu," anasema Steponija.
Mashine inasema: arobaini na sita.

Narudia. Arobaini na sita.
Nafuta kioo tena, labda ni kidole changu.
Arobaini na sita.

Kumbe ilikuwa inapunguza.
Si kwa ubaya. Kichujio chake kimechoka,
kila kitu inakiona pungufu kidogo,
kama rafiki anayekusomea barua
akaruka mstari mmoja.

Naipandisha hadi hamsini. Kitufe kimoja, milio miwili.
Nayarudisha maji ya kisima.
Hamsini na mbili.

Linalosema jikoni ni birika peke yake.
"Ile nambari ya kwanza," anauliza Steponija,
"ilikuwa na ubaya gani?"
Sina jibu zuri. Namwambia tu
kwamba kuchemsha hakusaidii:
maji hupungua, naitreti hubaki palepale,
ikizidi kukolea.
Jogilė ameshaliondoa birika motoni.
Amelishika tu, hajui aliweke wapi.

"Andika kwa penseli," anasema bibi.
Naandika kwa wino.

Nakusanya vichupa, ananiomba kile cha sufuri.
Anakiinua dirishani, anakigeuzageuza,
ng'ambo yake shamba jeupe na mweusi wa mitaro.
"Na haya, yana ladha gani?"
"Hayana."
"Maskini," anasema,
anakifuta kwa aproni, juu hadi chini,
kisha ananirudishia.