Shokapu Nne za Mbele

Baba alizifunga mwaka ule theluji ilipomeza
sanduku la barua la Kangas hadi kibendera chake.
Mbili kwa kila gurudumu la mbele,
moja huku ya ekseli, nyingine kule,
zimesimama kama wazee wawili kwenye foleni ya benki
waliokosana zamani.

Alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ya chuma:
futi nane kwa upana, rangi ya njano,
ikining'inia puani mwa pikapu kuanzia Novemba hadi Aprili.
Jembe la kusukumia theluji.
Saa tisa za usiku nilimsikia akipasha injini moto,
kisha huyoo, kuwafungulia watu njia:
zahanati, Walutheri, Wakatoliki,
wajane watatu wa barabara ya mgodini,
na Arvid Kangas, aliyelipa kwa samaki wa moshi
au hakulipa.

Kila alipoinua jembe, pua iliinama,
ikainuka, ikainama tena.
Shokapu moja ikiachiwa kazi hiyo, alinieleza, huchemka;
mafuta yake hugeuka povu,
na povu halizuii kitu.
"Povu, Aune, ni ahadi ya mlevi."
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ilikuwa tochi.
Nilimulika kila mahali isipokuwa kwenye nati.

Jembe tuliliuza wiki ya tatu baada ya mazishi,
kwa kijana wa ng'ambo ya mfereji
aliyehesabu noti bila kuvua glavu.
Pikapu ikabaki kwangu, Ford ya mwaka sabini na nane,
na sasa, pua nyepesi, inanirusha.
Kila kishimo inakipokea kama tusi.
Kahawa haikai kikombeni.
Imejikaza kwa ajili ya mzigo
ambao haupo.

Kangas akaja, akainama, akachungulia.
"Mbili ni pambo tu. Moja nzima inatosha."
Nilitaka kumjibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.
Lakini vidole viwili
humfinya hata asiye na chawa,
nami nimefinywa tangu Machi.

Jumamosi nikaingia chini yake, mgongo juu ya kadibodi,
na spana ya tisa kwa kumi na sita.
Kutu ilinimwagikia machoni.
Nati tatu zilikubali. Ya nne niliikata kwa msumeno wa umeme,
cheche zikiruka hadi kwenye soksi,
nikitukana kwa Kifini, lugha ambayo
sijui kuombea maji.

Ya kulia ilikuwa imekufa.
Niliisukuma ikazama yote bila kuniuliza jina.
Miaka mingapi? Hakuna ajuaye. Mwenzake alibeba, akanyamaza.
Ya kushoto niliisimamisha sakafuni,
nikaikandamiza kwa uzito wangu wote.
Ikashuka kwa shida.
Nilipoiachia ikapanda taratibu, taratibu sana,
kama mtu anayetoka kitandani gizani
akichelea kumwamsha aliyelala.

Nikaendesha hadi dukani kununua maziwa.
Pikapu iliinama, ikainuka mara moja, ikatulia.
Kahawa ilikaa.
Nilifika nikazima injini, nikabaki ndani
muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
mikono kwenye usukani,
nikiwa sina cha kulalamikia.

Braketi sikuzikata. Nilizipaka rangi nyeusi
zisiliwe na kutu.
Ile nzima iko kibandani, kwenye ubao wa dirisha,
karibu na misumari. Nikipita huibonyeza.

Jana usiku Kangas alipiga simu.
Redio imesema Alhamisi, inchi kumi na nne.
Akakohoa, akauliza hali ya mama, akakohoa tena:
nani sasa atamfungulia njia?
Nikamwambia mabeleshi ninayo mawili.
Moja ni lake.