Pumzi Tatu

Pistoni tuliing'oa kwenye breki ya Fuso
lililofia Isevya, nyuma ya gereji.
Mtungi ni wa kuzimia moto.
Gesi haionekani; Kashindye aliisaka kwa povu la sabuni,
kila kiungo kinachovuja kikajisema chenyewe.

Mtungi una pumzi tatu, basi.

Ya kwanza niliifyatua kwa kiherehere:
beleshi likabinua vumbi.
Ya pili ilimkosa Nyundo kwa unene wa kidole,
naye akatupindua, magurudumu juu, kama kobe.

Watu wakahesabu. Kumi, tisa, nane.
Kashindye alilitazama dole gumba langu.

Ya tatu sikumrushia mtu.
Pshaa!
Tukasimama.

Tulishindwa kwa pointi.
Mtungi mtupu uligonga keria ya baiskeli njia nzima,
na Kashindye, akisukuma,
aliulizia bei ya gesi.