Ndimi Ishirini na Nne

Dirisha langu ni la pili, jirani na hita inayokoroma.
Kila Jumanne Velta huingia na theluji mabegani
na kapu la vipakiti vilivyofungwa uzi wa katani.
Mumewe, marehemu Gunars, alikuwa fundi wa kodiani,
hapa Kuldiga hakuna asiyemjua;
alimwachia chumba kizima cha vipuri
na deni la kuni.

Basi anauza.
Vitufe vya lulu bandia kwenda Rosario,
mikanda ya ngozi kwenda Kebeki,
mvukuto mmoja mwekundu, wenye kiraka,
kwa kijana wa Osaka aliyetaka kiraka hichohicho.
"Kizuri chajiuza," namtania.
"Hakijiuzi. Kinapigwa picha mara nane,
kinaulizwa maswali kumi na moja,
halafu mnunuzi anaomba nauli ipunguzwe."

Nauli! Hapo ndipo mimi naye hununiana.
Gramu mia tano, bei hii.
Mia tano na tatu, bei ile.
Nimemwona akitoa mkasi kwenye mkoba,
akipunguza pembe za boksi
kama anayekata kucha za mtoto aliyelala,
mpaka mizani ikaridhika.

Na ile fomu ya forodha.
Wanunuzi humsihi: weka alama kwenye "zawadi",
ushuru wa huku unatukamua.
Velta huweka alama kwenye "bidhaa".
Miaka mitatu sasa, bidhaa.
"Sijawapa kitu," husema. "Wamelipa."

Mwezi wa pili akauza ndimi,
vile vijibamba vyembamba vya chuma
vinavyotetema tumboni mwa kodiani hadi sauti itoke.
Ishirini na nne, kwa bwana mmoja wa Tasmania.
Fomu iliuliza: ndani mna nini?
Akafungua kamusi yake ya shule, akaandika:
"Ndimi. 24. Zimetumika."

Cheka tu. Mimi nilicheka baadaye.
Huko wakaziweka karantini.
Wiki tano pakiti ikalala chumba cha baridi
pamoja na soseji za watu na mbegu zisizo na kibali,
nami nikiingiza namba kwenye kompyuta:
imezuiliwa,
imezuiliwa,
Velta upande wa pili wa kioo, kimya,
akikunja risiti hadi ikawa ndogo kama punje.
Biashara haigombi, wanasema.
Hawasemi kama hulala usingizi.

Ilipofika, mnunuzi alimtumia picha:
utepe wa ukaguzi, muhuri, na chini ya muhuri
ndimi zote, kila mmoja umerudishwa kwenye karatasi yake,
kwa mpangilio wa Gunars, nzito chini, nyembamba juu,
na uzi umefungwa fundo ambalo si la Velta.
Fundo zuri kuliko lake.
Picha hiyo alinionyesha mara mbili siku moja,
kana kwamba ya kwanza sikuiona.

Leo ameleta bahasha. Gramu kumi na moja.
"Ndani mna nini?" nauliza; sheria inanitaka niulize.
"Ulimi. Wa chuma. Andika CHUMA, herufi kubwa."
Ndio wa mwisho aliousugua Gunars kabla ya hospitali.
Haukuifikia noti yake. Hauuziki.
"Jina la mpokeaji?"
"Silijui. Andika: aliyefungua, akafunga tena."
Nikaandika. Chini yake: Ofisi ya Karantini, Hobart.

Kalamu yake ikazunguka juu ya visanduku,
ikasita,
ikatua kwenye "zawadi".
Thamani: sifuri.

Mashine ikalia. Haipokei sifuri, nikamwambia,
lazima kila kitu kiwe na thamani yake.
Akaitazama ile mashine kama anayetazama mkwe.
"Basi moja," akasema.
Akahesabu nauli, sarafu kwa sarafu,
akavaa glavu,
akaondoka bila kuuliza namba ya kufuatilia.