Usiku wa Kumi na Nane

Mashine ilikuja na basi la asubuhi kutoka Temuco.
Nibaldo akaiweka juu ya meza ya jikoni,
akachomeka waya, taa nyekundu ikakonyeza.
"Mama mkwe," akasema, "sasa kuku wako apumzike."

Kuku wangu hana mkia. Ndivyo walivyo
kuku wa asili huku kwetu, kando ya Ziwa Budi,
na mayai yao ni ya buluu, hatukuyapaka rangi,
buluu ya shati lililofuliwa miaka.
Jina lake Posta: hukawia, lakini hufika.

Wiki ile alishikwa na ukaidi wa kuatamia.
Alijibandika kwenye kreti ya tufaha
juu ya jiwe moja,
kifua amejinyonyoa mwenyewe,
ukimsogelea anavimba, ananguruma kama birika.
Nibaldo akamtoa. Akarudi.
Akamchovya miguu katika maji baridi.
Akarudi, analowesha nyasi,
akalikalia jiwe lake.

"Mashine haichoki," alisema mkwe wangu.
Sikumjibu.
Mvua ndiyo iliyomjibu.

Usiku wa kumi na nane upepo ulipanda kutoka baharini,
mkalitusi wa akina Huenchual ukaangukia nyaya.
Friji ikanyamaza. Taa nyekundu ikafumba jicho.
Nibaldo akaifunika mashine kwa poncho,
akaongeza godoro la mtoto,
akapigia kampuni ya umeme,
na mwanamke wa kwenye kanda akamwambia
simu yake ni muhimu sana kwao.

Nikachukua yai moja, nikaliweka sikioni.
Ndani, mtu alikuwa anabisha hodi,
si kwa nguvu,
kama mgeni aliyefika usiku
na anaogopa kuamsha nyumba.

"Vua kofia," nikamwambia.

Mayai kumi na moja katika kofia ya sufu,
matope hadi vifundoni,
tochi ameing'ata kwa meno.
Nikaliondoa jiwe. Nikaingiza la kwanza.
Posta akanidonoa, palepale penye kovu la mwaka jana.
La pili akalivuta mwenyewe kwa mdomo.
Kisha akainuka kidogo,
kama mama mnene anayepisha wengine kwenye benchi,
hadi la kumi na moja likapata nafasi,
akashuka.
Hakuuliza walikotoka.
Hakuuliza siku zimebaki ngapi.
Nibaldo, maji yanamchuruzika puani,
alitaka kucheka, akashindwa.

Siku tatu tulikula kwa mshumaa.
Alfajiri ya ishirini na moja Posta akabadili lugha:
ile nguruma ikawa ko, ko, ya chini kabisa,
anaongea na tumbo lake,
na tumbo linajibu.

Walitoka wanane.
Mmoja alifia mlangoni, nusu ganda, nusu dunia.
Nolfa alimzika chini ya mrujuani wa dirishani, bila kutuambia.
Mayai mawili hayakuwa na mtu;
niliyatikisa, yakasema maji.

Wapo wanaosema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura.
Hao hawakumtazama Posta.
Huchakura mara mbili, hurudi nyuma hatua moja,
huacha mdudu pale pale mchangani,
hutazama pembeni kana kwamba hakumwona.
Na kipanga alipotua kwenye ua siku ya sita,
kuku asiye na mkia akawa na mbawa za kutosha watu wanane
na ghadhabu ya kubaki.

Umeme ulirudi Alhamisi.
Mashine ipo. Nolfa huiwasha asubuhi za baridi
ili unga wake wa mkate uumuke.
Nibaldo hasemi neno.
Ila kila jioni huenda bandani kuhesabu,
mkono chini ya Posta hadi kiwiko,
macho ameyafumba.
Kuhesabu wanane
hakuchukui muda wote huo.