Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Kikao kilifunguliwa saa nne na dakika saba asubuhi.
Mwenyekiti, Diwani Behnam, alikuwepo. Diwani Teh alikuwepo.
Diwani Okonski alikuwepo kwa mwili,
macho mapajani, kwenye simu.
Mimi karani nilikuwepo; yangu hayaandikwi.

Kipengele cha tatu: ukaguzi wa migahawa
inayoongeza asilimia tano kwenye risiti
"kwa afya ya wafanyakazi wetu".
Mkaguzi alisema pesa zilikusanywa.
Mkaguzi alisema zilikokwenda hakukuonekana.
Alisema taratibu, kama atajaye hali ya hewa,
akageuza ukurasa.
Hoja iliahirishwa hadi Septemba.

Kipengele cha nne: Idara ya Afya yaomba
sheria ilegezwe kwa miezi sita
ili mkurugenzi aweze kubisha hodi
kwa matajiri anaowakagua yeye mwenyewe,
awaombe gari la kliniki, lenye kitanda na mizani,
lizunguke mitaa ya wasio na bima.
Mfadhili wa kwanza amekwisha kuahidi:
Bwana Prentiss Hallam, mwenye migahawa tisa.
Ubavuni mwa gari litaandikwa jina lake.
Herufi za bluu. Mchoro umeambatishwa.

Nilifunua nyuma kurasa mbili.
Migahawa tisa. Jina lile lile.
Karani hana kura. Karani ana kengele.

Maoni ya wananchi: dakika mbili kila mtu.
Asiyekuwapo na lake halipo,
na saa nne asubuhi, mwosha vyombo atakuwapo vipi?
Viti arobaini, waliokaa sita,
wawili kati yao wameingia kukimbia ukungu wa San Fransisko.

Akaja mmoja. Eusebio Canul, mzaliwa wa Oxkutzcab,
miaka kumi na mmoja kwenye sinki la Hallam,
mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha jikoni,
kile chenye mistari.
Jiji lilimpa mkalimani wa Kihispania,
naye Kihispania alijifunza ukubwani;
hesabu huzifanya kwa Kimaya.
Kwa hiyo kila tarakimu ilisafiri mara mbili
kabla ya kutua kwenye kipaza sauti,
na saa yangu haikuijali safari.

Alileta risiti, mfuko mzima wa plastiki,
alizookota mezani wateja wakishaondoka,
zenye madoa ya siagi na divai.
"Jumamosi moja," alisema, "meza ya dirishani peke yake:
dola kumi na nne na senti thelathini. Kwa afya yangu.
Jumamosi ya pili..."

Nilibonyeza kengele.

Ningependa kuandika kwamba mkono ulisita.
Haukusita. Umefunzwa miaka kumi na tisa.
Mama yangu alitandika vitanda vya hoteli mtaa wa pili kutoka hapa,
akafa na figo ambazo hakuna aliyezikagua;
na angesimama pale
ningembonyezea.

Eusebio hakugomba. Alinong'ona kitu.
Mkalimani akanigeukia mimi, si mwenyekiti:
"Anauliza hilo gari litaegeshwa wapi.
Mkono unamuuma."

Swali halikupitia kwa mwenyekiti, hivyo halikujibiwa.
Kura: ndiyo tatu. Hapana, hakuna.
Diwani Okonski alipiga yake bila kuinua kichwa.

Kumbukumbu rasmi zina mstari mmoja juu yake:
*Mzungumzaji mmoja alitoa maoni kuhusu gari.*
Nimeuandika mimi, na ni kweli tupu,
kama risiti ya Hallam ilivyo kweli.

Lakini mfuko aliuacha pale mbele,
na kanuni ya kumi na mbili, ambayo hakuna aisomaye,
yasema kinachoachwa mezani wakati wa maoni
ni sehemu ya kumbukumbu.
Risiti mia mbili na sita.
Nimezipiga nakala moja moja hadi walinzi wakazima taa za ngazi,
nikazipanga nyuma ya mchoro wa gari:
Kiambatisho cha Pili.

Kioo cha mashine bado kinanuka kitunguu saumu.
Sijakifuta.